Tundu Kwanza, Gesi Baadaye: Mafundi wa Frigo wa Lubumbashi na Tabaka la Ozoni

Mwezi wa tisa unapofika na joto la Lubumbashi likaanza kupanda kabla ya mvua, mafundi wa frigo hawapati nafasi hata ya kukaa. Katika komuni za Kenya, Katuba na Kamalondo utakuta kongelateri zimeegemezwa ukutani, na malalamiko ya wenyewe ni yaleyale: inanguruma, lakini haigandishi. Fundi huunganisha mpira wa kipimo, hufungua chupa, huongeza gesi na kupokea malipo yake. Miezi mitatu baadaye mama muuza samaki hurudi na kongelateri ileile. Kazi yangu ni kuwafundisha mafundi hao, na naandika haya kwa sababu mpango wa taifa wa kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la Ozoni unaamuliwa katika nyua hizo kuliko watu wanavyodhani.

Ozoni ni hewa ambayo kila molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni. Sehemu yake kubwa iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, ambako huzuia mionzi ya jua inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na inayodhoofisha mimea. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za frigo za wakati ule, zilizosifiwa kwa kuwa haziwaki wala hazina sumu, hupanda hadi huko bila kuvunjika, kisha mionzi huzipasua na kuachia klorini. Atomu moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli za Ozoni zipatazo 100,000 kabla ya kutulizwa. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba Ozoni iliyo juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya kila majira ya machipuo ya huko, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi mbalimbali wa kuondoa gesi hizo, ikatiwa saini.

Nchi yetu, ambayo bado iliitwa Zaire, ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1994. Kwa kuwa Kongo haitengenezi gesi hizi, kila kilo inayotumika hapa imevuka mpaka, na kwetu sisi wa Katanga mpaka huo mara nyingi ni Kasumbalesa, tunakopakana na Zambia. Ndiyo maana nguzo ya kwanza ya mpango ni kibali cha kuingiza na kiwango cha mwaka, chini ya usimamizi wa ofisi ya Ozoni iliyo katika wizara ya mazingira. Gesi za kundi la kwanza, kama R-12 ya frigo za zamani, zilipaswa kukoma katika nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2010. Sasa ni zamu ya gesi za kundi la pili, hasa R-22, ambayo bado imo katika klimatizeri (viyoyozi) nyingi za maofisi na katika vyumba vya baridi. Matumizi yake yalizuiwa yasiongezeke mwaka 2013, yakapaswa kupungua, kutoka kiwango hicho, kwa asilimia 10 mwaka 2015, kwa asilimia 35 mwaka 2020 na kwa asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 yanakoma, isipokuwa sehemu ndogo ya kuhudumia mashine za zamani hadi mwaka 2040.

Watu husoma ratiba hiyo wakafikiri ni jambo la forodha peke yake. Lakini jiulize gesi yote hiyo inakwenda wapi. Mfumo wa frigo umefungwa, na gesi iliyomo hailiwi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kilo moja ya R-22 ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,810 za kaboni dioksidi, na hayo ni mbali na madhara yake kwa Ozoni. Kwa hiyo fundi anayejaza bila kutafuta tundu anajaza anga, kwa pesa ya mteja.

Tundu lenyewe halihitaji mashine ya gharama. Katika mafunzo tunajaza naitrojeni kwenye mfumo kwa shinikizo lisilozidi kiwango cha mashine, tunakoroga sabuni ya kuoshea vyombo katika maji kidogo, na tunapaka kwa brashi kwenye kila kiungo kilicholehemiwa. Unangoja. Mara nyingi, kwenye kona ambayo bomba la shaba limekuwa likigusana na bati, kipovu kimoja kinavimba polepole, kinapasuka, kisha kingine kinatokea palepale. Hapo ndipo unapolehemu, unavuta hewa na unyevu kwa pampu, na ndipo unapopima gesi kwa mizani, si kwa kukisia baridi kwa kiganja. Wanafunzi wengine hulalamika kwamba mteja hatalipia saa hizo mbili. Nadhani atalipia, akielezwa kwamba vinginevyo atalipia gesi mara nne kwa mwaka.

Jambo jingine huchanganya hata mafundi wazoefu. Kibandiko kinachosema kwamba frigo haidhuru Ozoni hakimaanishi kwamba gesi yake haina neno. R-134a, gesi nyingine ya frigo, haigusi Ozoni, lakini hupasha joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi, na ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo pia. Frigo mpya nyingi za nyumbani sasa hutumia R-600a, yaani isobutani, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, ila inawaka kama gesi ya kupikia. Kabla ya kumruhusu fundi awashe moto wa kulehemu, soma kibao kilicho nyuma ya frigo, karibu na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Ukiona R-600a au alama ya moto, frigo itolewe nje, gesi iondolewe kwanza mahali penye upepo, na bomba likatwe kwa kikata bomba badala ya moto. Na asikubali mtu kutia gesi hiyo katika klimatizeri iliyoundwa kwa R-22, hata akiambiwa kwamba inapooza vizuri zaidi: swichi zake hazikutengenezwa kukaa karibu na kitu kinachowaka.