Shule ya Uingereza ikimdhamini mwanao: yanayodhaniwa na yalivyo

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam akisikia shule ya Uingereza "itamdhamini" mwanawe, mara nyingi hudhani karo imepata mlipaji. Haijapata. Udhamini huu unafanana na ule wa mahakamani: uliyemwekea dhamana akitoweka, wewe ndiye unayeulizwa. Anayeuliza hapa ni idara ya viza ya Uingereza, UKVI, na rehani ni leseni ya shule.

"Shule yoyote inaweza kumdhamini." Ni shule za binafsi zenye leseni tu, kwa watoto wa miaka 4 hadi 17. Shule ya serikali haiwezi, hata ikiwa mlangoni kwa shangazi yake.

"Tumeshakubaliwa, twende tukaombe viza." Barua ya kukubaliwa bado si CAS, yaani uthibitisho wenye namba unaotolewa na shule kupitia mfumo wa UKVI. Hudumu miezi 6 na hutumika mara moja. Shule haiharakishi kuitoa, kwa sababu viza ikinyimwa inaingia kwenye hesabu yake. Kwa miaka mingi sharti la kubaki na leseni lilikuwa maombi yaliyokataliwa yasifike asilimia 10. Kwa hiyo karani akikudai taarifa za benki kabla ya UKVI kuzidai, usimwone mbea.

"Atakaa kwa mama yake mdogo." Hapa ndipo familia zetu hujikwaa. Mama mdogo aliyezaliwa tumbo moja na mama wa mtoto hana shida. Sheria inamtambua kuwa ndugu wa karibu. Lakini sisi humwita mama mdogo pia binti wa ami yake mama, na Uingereza huyo ni mtu baki. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwake siku 28 au zaidi, hiyo ni malezi ya kambo ya binafsi: halmashauri ya eneo lazima iarifiwe, na ofisa atakuja kukagua nyumba na wanaoishi humo. Shule nayo lazima ijue mtoto analala wapi na kwa nani. Kwa hiyo ukijaza fomu, eleza ukoo ulivyo, kizazi kwa kizazi. Neno "mama mdogo" peke yake halitoshi.

"Mama ataenda naye, afanye kazi huko." Kuna viza ya mzazi, ila ni kwa mzazi mmoja, mtoto awe wa miaka 4 hadi 11 katika shule ya kutwa, na kazi hairuhusiwi.

"Akishaingia, yamekwisha." Asiporipoti shuleni, au akiacha masomo, shule ina siku 10 za kazi kuiarifu UKVI. Akitaka kuhamia shule nyingine, ni CAS mpya na maombi mapya ya viza. Shule pia hutunza nakala ya pasipoti, anwani na simu zake, kwa hiyo akihama nyumba au akibadilisha laini, iarifuni wiki hiyo hiyo.