Mwanamuziki "aliyechuja": dhana nyuma ya filamu za kantri

Mtaani tukisema msanii amechuja, neno tumelitoa kwenye nguo. Kanga mpya ina rangi kali. Ikifuliwa na kuanikwa juani mara nyingi rangi huondoka, kitambaa kikabaki, tena laini kuliko mwanzo. Msanii aliyechuja ndivyo alivyo. Hajastaafu, sauti anayo, nyimbo zake bado zinakumbukwa. Kilichopungua ni watu wanaomfuata. Filamu za Marekani zimejenga drama nyingi juu ya mtu huyu, na zile zinazomfanya mwimbaji wa kantri, muziki wa Marekani wenye asili ya mashambani, ndizo zinazonigusa zaidi.

Chukua Crazy Heart ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Scott Cooper kutokana na riwaya ya Thomas Cobb. Jeff Bridges anaigiza Bad Blake, mwenye miaka 57, anayezunguka miji midogo peke yake na gari kuukuu. Tunapokutana naye ndiyo kwanza anashuka baada ya safari ndefu, mkanda wa suruali haujafungwa, mkononi ana chupa kubwa ya plastiki aliyokuwa akikojolea njiani. Anaimwaga pale pale kwenye maegesho. Usiku huo anapiga katika ukumbi ambamo watu huvingirisha mipira mizito kuangusha pini. Katikati ya shoo anaiachia bendi ya hapo mjini, anatoka nje kutapika kwenye pipa la taka, kisha anarudi jukwaani kumalizia. Na anamalizia vizuri! Hapo ndipo dhana yenyewe ilipo: vidole bado vinaijua kazi, walio mbele yake wanafurahi, ila ni wachache na umri umewatupa mkono. Wakati huohuo Tommy Sweet, kijana aliyejifunza kazi kwake, anajaza watu kwenye kumbi kubwa.

Kwa nini kantri? Kwa sababu shabiki wa kantri hutaka mwimbaji awe ameyaonja anayoyaimba: pombe, ndoa iliyovunjika, safari zisizoisha. Tena wengi huanzia kwenye baa, basi kazi na ulevi vinakaa chumba kimoja. Hank Williams, mwimbaji maarufu wa kantri, alikufa kwenye kiti cha nyuma cha gari, 1 Januari 1953, akipelekwa kwenye shoo Ohio. Alikuwa na miaka 29.

Tusichanganye kuchuja na kufulia. Aliyefulia hana hela. Aliyechuja anaweza kuwa na nyumba tatu. Mac Sledge wa Tender Mercies (1983), aliyeigizwa na Robert Duvall, amepatwa na yote mawili. Anazinduka kutoka kwenye ulevi katika moteli ya mjane huko Texas, hana cha kulipia chumba, anaanza kufanya kazi za mikono hapo hapo. Baadaye anabatizwa pamoja na mtoto wa yule mjane. Wakiwa njiani kurudi, mtoto anamuuliza kama anajiona amebadilika. Mac anajibu: bado.

Duvall alipata tuzo ya filamu ya Oscar kwa kazi hiyo, Bridges naye kwa ya kwake, na Duvall yumo pia katika Crazy Heart kama rafiki mwenye baa.

Mwishoni Bad ameacha pombe na ametunga wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Anayeuimba mbele ya umati ni Tommy. Hundi ya malipo ya wimbo huo, Bad anataka kuitoa kwa mtoto wa mwanamke aliyempenda, ambaye kidoleni tayari ana pete ya mwanamume mwingine.