"Anaweza" na "anafanya" ni vitu viwili tofauti

Nikisema nafanya tiba kwa vitendo watu wengi wanadhani nanyoosha viungo. Hiyo ni fiziotherapia, na wenzangu wa huko tunashirikiana kila siku, wao wanahangaika na nguvu na mwendo, mimi naingia na swali langu: huo mkono ukipata nguvu utaufanyia nini? Utaoga mwenyewe? Utaenda chooni usiku bila kuamsha mtu? Kwetu sisi kazi sio ajira tu jamani, ni chochote kinachoijaza siku yako, kuanzia kupiga mswaki hadi kumbeba mjukuu.

Kuna kipimo tunakitumia sana, skeli ya Barthel, kipo tangu 1965, kinaangalia mambo 10 kama kula, kuvaa, kuoga, kupanda ngazi, na maksi zinafika 100. Ninachokipenda ni kwamba unaandika kile mgonjwa anachofanya kweli, sio kile anachoweza kufanya. Na hapo ndo penye shida yenyewe, maana mtu anavaa shati vizuri kabisa mbele yangu, akifika nyumbani anavalishwa.

Nilikuwa na mzee mmoja, kiharusi kilimpooza upande wa kushoto. Tulianza na shati. Kwanza anakaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, kwa sababu asipokaa imara ule mkono mzima utakuwa bize kumshikilia asianguke. Shati linatandazwa mapajani, ndani ikiangalia juu, tundu la mkono wa kushoto limeachwa wazi katikati ya magoti, halafu anautumbukiza humo mkono uliopooza, analivuta shati mpaka lipite kiwiko, na hapa ndo wengi wanakosea, wanaharaka ya kulirusha mgongoni kabla halijapita kiwiko, linatoka lote na unaanza upya. Likishakaa begani analizungushia nyuma ya shingo, anaingiza mkono mzima, anafunga vifungo akianzia chini kwa sababu vya chini anaviona. Kuvua ni kinyume chake, mkono mzima unatoka kwanza.

Siku ya kwanza ilituchukua karibu nusu saa na jasho lilimtoka. Mkewe alisimama mlangoni, akashindwa kuvumilia, akaja akamvalisha kwa dakika moja. Simlaumu hata kidogo, ni mapenzi hayo, lakini ubongo unajifunza upya kwa kurudia tendo lenyewe, sasa tendo ukilifanya wewe, wa kurudia ni nani?

Kwa hiyo tukakubaliana na mama hivi: yeye amvalishe kila kitu ila kifungo cha mwisho amwachie mzee. Akikizoea, amwachie viwili, baadae mkono mmoja wa shati, tunarudi nyuma hivohivo. Tunaanzia mwisho makusudi, ili kila siku anayemaliza kazi awe yeye, na mtu aliyezoea kumaliza hachoki haraka kama yule anayeanza halafu ananyang'anywa.

Jambo lingine lilikuwa sahani. Mama analalamika mzee hana hamu ya kula, anaacha nusu. Nikaangalia, nusu iliyobaki yote ipo kushoto, imekatwa kama kwa rula. Nikaizungusha sahani, akamaliza. Macho yake hayana tatizo, ni ubongo umeacha kuujali ule upande, inatokea sana kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo. Tukabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sahani, nikamwambia mzee tafuta wekundu kwanza ndo ule. Na mama nikamwomba asimzungushie sahani, amwache mzee autafute ule upande mwenyewe.

Walioumia uti wa mgongo shingoni nao wana mambo yao. Kuna ambao vidole havifanyi kazi ila kifundo cha mkono kinainuka, na kikiinuka vidole vinajikunja vyenyewe, ukikishusha vinafunguka. Kwa mshiko huo mtu anaweza kushika kikombe! Sasa ndugu wa karibu, kwa nia njema kabisa, anakaa kila jioni ananyoosha vile vidole na kifundo kwa pamoja ili visikakamae, kano zinalegea, mshiko unapotea. Tafadhali sana, kama una mgonjwa wa hivi usinyooshe chochote kabla hujaonyeshwa namna.

Yule mzee, wiki kadhaa zimepita mkewe ananipigia asubuhi, ananong'ona. Kavaa mwenyewe, vifungo vyote, ila karuka tundu moja na shati limekaa upande, amrekebishe au amwache? Nikamwambia amwache mama, kioo si kipo ukutani.

Akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Ameenda kukiangalia."