Lenzi Moja kwa Safari ya Kigoma: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Msafiri anayejiandaa kupanda boti Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe, akitafuta lenzi moja ya kila kazi, yaani inayopiga vya karibu na vya mbali bila kubadilishwa, huambiwa mara nyingi kwamba lenzi bora ya safari ni ile yenye namba kubwa ya kuvuta. Namba hiyo inapotosha, kwa kuwa ni uwiano tu kati ya urefu mkubwa wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi) na ule mdogo: lenzi ya milimita 18 hadi 300 huhesabiwa kuvuta karibu mara 17, ilhali ya 200 hadi 600 huvuta mara 3 tu, nayo ndiyo inayofika mbali zaidi.

Dhana inayowagharimu wengi ni kwamba sokwe hapigiki picha bila lenzi ndefu sana. Kwa kawaida mgeni hutakiwa kukaa takriban mita 10 kutoka kwa sokwe. Kwa umbali huo, milimita 200 kwenye kamera ya sensa ya APS-C (sensa, yaani kipande kinachopokea picha, cha ukubwa wa wastani) huona eneo lenye upana wa karibu mita 1.2 na kimo cha sentimita 78, hivyo sokwe aliyeketi anajaza fremu. Kinachokosekana msituni ni mwanga. Lenzi nyingi za kila kazi, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka kwa f/6.3 tu (namba ya f hupima tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ambayo hupitisha takriban moja ya tano ya mwanga unaopita kwenye f/2.8. Mahali ambapo lenzi ya f/2.8 ingepiga kwa sekunde 1/250, hii italazimika kushuka hadi 1/50, na flashi hairuhusiwi kutumika.

Hapo wauzaji husema kitulizi cha mtikisiko kitaokoa picha. Kitulizi hutuliza mkono wa mpigapicha; hakimzuii sokwe anayerukia tawi jingine. Ni heri kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na kuvumilia chenga, yale madoadoa yanayotokea kwenye picha, kwa maana picha yenye chenga bado inasomeka.

Wapo pia wanaoidharau lenzi ya kila kazi kuwa ni ya wanaojifunza. Nadhani hawajajaribu kubadilisha lenzi ndani ya boti inayoyumba, huku maji ya ziwa yakiwarukia.

Upande mpana wa lenzi, ule wa milimita chache unaoona eneo kubwa, nao husahaulika. Lenzi ya milimita 28 hadi 200, iliyokusudiwa sensa kubwa, ikifungwa kwenye kamera ya APS-C huona kama ya milimita 42, na mtu aliyebanwa ndani ya boti, akitaka kuwaonyesha wenzake wote pamoja na mizigo yao, hana pa kurudi nyuma. Milimita 18 kwenye kamera hiyohiyo huona kama 27.

Kwa safari hii mimi ningechukua lenzi ya 18 hadi 200 kwa ajili ya Ujiji, mwalo na wanaoanika dagaa, kisha ningeongeza lenzi ndogo ya milimita 85 yenye f/1.8, ambayo chini ya miti ya Gombe hupokea mwanga mara 12 zaidi ya f/6.3.