"Landi haishiki kutu" na uongo mwingine nilioambiwa nikitengeneza Series III nyuma ya nyumba

Tangu nilete ile Landi, yaani Land Rover ya zamani, hapa nyuma ya nyumba huku Bahati, Nakuru, kila mtu anayepita kwa geti amekuwa mtaalamu. Jirani, mjomba, kijana wa kuleta gesi, hata fundi wa bomba aliyekuja kuangalia sinki akaishia kunieleza mambo ya gia boksi dakika arobaini na sinki bado inavuja. Sikatai, wengine walinisaidia kusukuma. Lakini mengi waliyosema yalinikula pesa na wikendi, so wacha niyaandike na kile nilikuja kupata nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mdomoni.

Gari yenyewe ni Series III, toleo la tatu la zile Land Rover za zamani, ya petroli, pikapu, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Ilikuwa shamba moja huko Solai, imesimama chini ya mti miaka mingi mpaka kuku walikuwa wanatagia huko nyuma. Mwenyewe alikuwa anataka kuiuza kwa kilo.

"Landi haishiki kutu, hiyo ni alumini." Hii ndio nilisikia mara nyingi na ndio ilinimaliza. Bodi ni alumini kweli, aina inaitwa Birmabright, imechanganywa na magnesi kidogo, na sababu ni kwamba Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani juzi tu na chuma ilikuwa inatolewa kwa mgao. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote, ni chuma. Ule ukuta ulio kati ya injini na miguu yako ni chuma. Fremu za milango, chuma. Na pale alumini imelalia chuma halafu maji yapate kuingia katikati, hizo mbili zinaanza kulana polepole kama ndani ya betri, alumini ndio inaliwa, unaona unga mweupe unafura chini ya rangi unadhani ni vumbi yetu ya Nakuru kumbe ni mlango unaisha.

Chesisi nayo inaozea ndani. Ni kama boksi refu, matope yanaingia kwa vitundu, yanakaa humo na unyevu wake miaka na miaka, na huku nje mtu amepaka rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha askari. Yangu ilikuwa inang'aa hivyo. Nilichukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kutoka mbele nikirudi nyuma, ting, ting, ting, sauti safi, nikaanza hata kupiga mluzi. Kufika ile boriti ya mwisho kabisa, pale watu hufunga trela, ikalia tup. Nikagonga tena kwa nguvu kidogo nyundo ikaingia ndani. Nikabaki nimeshika mpini. Kumbe kulikuwa na bati imekunjwa ikabandikwa hapo, ikapakwa lami na brashi, na ndani nilichota matope na maganda ya kutu karibu yajaze sufuria ya ugali ya watu sita. So ukienda kuangalia Landi ya kununua, beba nyundo, na mwenye gari akikataa ugonge we rudi tu nyumbani.

Hapo kwa kuchomelea kuna uongo mwingine ambao sio wa kucheka: "tanki imekauka zamani, chomelea tu." Kwa hii pikapu tanki ya petroli iko chini ya kiti, upande wa dereva. Tanki iliyokauka ndio mbaya zaidi, kwa sababu petroli ikiwa majimaji haishiki moto vile mvuke wake ukichanganyika na hewa unalipuka, na mvuke unabaki humo hata kama huoni tone. Tulifungua tanki tukaipeleka mbali, karibu na kuku, tukatoa waya za betri, ndio fundi akaanza kazi. Alikuwa ananiona muoga. Sawa.

Spana. Mjomba alinikopesha seti yake nzuri kabisa ya milimita akasema inafungua gari yoyote duniani. Series III imejaa nati za inchi, na hapa ndio kuna mtego: nusu inchi ni milimita 12.7, so spana ya 13 inaingia vizuri tu, unaona iko sawa, mpaka ukutane na nati iliyoshika miaka arobaini, unavuta, inateleza, kona zinaisha, sasa nati ni duara na wewe umejichubua vidole. Nilizungusha nati tatu hivyo kabla niache kiburi nikaenda kununua seti ya inchi ya mitumba. Nati zenyewe ziwekee mafuta ya kulegeza jioni, uende ulale, zifungue asubuhi.

"Hii injini imeisha, toa weka ya Toyota ya dizeli." Kila mtu. Kila mtu! Sababu yao ni kwamba inatoa moshi mweusi na kwa mlima haina nguvu. Sasa, hii injini ya lita 2.25 ikiwa mpya kabisa ilikuwa na nguvu za farasi kama 70, na hiyo imepimwa huko chini karibu na bahari. Nakuru tuko mita kama 1,850 juu. Hewa huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 kila ukipanda mita 300, fanya hesabu mwenyewe uone karibu moja ya tano imeenda kabla hata hujatoka kwa geti, na mlima wa Timboroa bado. Na kabureta haijui kama umepanda, inamwaga petroli ile ile kwa hewa kidogo, moshi mweusi unatoka hapo. Yangu nilipima kompresheni ya silinda zote nne nikapata ziko karibu sawa, nikaosha kabureta, nikaweka plagi mpya, nikarekebisha pointi za kutoa cheche, na sasa inanguruma bila shida. Haikimbii. Haikuwahi kukimbia.

Sisemi kubadilisha injini ni dhambi, kuna watu wamefanya ikakubali. Lakini watu husahau kinachofuata nyuma. Shafti za ekseli za nyuma kwa hizi Series hazipendi nguvu nyingi, zinakatika, na breki ni za dramu miguu yote minne, zilitengenezewa gari ya kutembea pole. Ukiipa mwendo wa Prado na breki za 1971 basi ujue utasimama wapi. Halafu kuna logbook, kile cheti cha umiliki wa gari, ukibadilisha injini ama rangi lazima NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, wajue na gari ikaguliwe, la sivyo siku ya kuuza ama siku ya ajali ndio utaanza kueleza watu hadithi.

Kuhusu petroli isiyo na risasi (ile madini ya lead) "kuua" injini za zamani, hapa Kenya ile ya risasi iliisha kitambo, karibu 2006, na Landi bado zinabeba maziwa Molo. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu visiliwe, hiyo ni kweli, na anayeumia ni yule anayekanyaga mafuta saa nyingi na mzigo. Ukifungua silinda hedi kwa sababu zingine, mwambie mtu wa mashini aangalie viti vya valvu za moshi. Ukirudisha, pima nafasi ya valvu, inchi 0.010, yaani sehemu kumi za elfu za inchi, halafu pima tena baada ya muda. Ikiwa nafasi inazidi kupungua ndio ujue kuna kitu kinaliwa.

"Landi isipovuja oil jua imeisha oil." Nilicheka hii miaka mingi. Halafu nikafungua dramu ya nyuma kushoto nikapata viatu vya breki vimelowa kama mandazi kwa chai. Kumbe juu ya ekseli kuna kavalvu kadogo ka kupumulia, kamezibwa na matope ya Solai. Difu, zile gia za katikati ya ekseli, ikipata joto hewa ndani inapanuka, haina pa kutokea, inasukuma oil kupitia sili mpaka kwa breki. Yaani kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu. Niliweka sili mara mbili kabla nigundue, na mara ya kwanza nilimlaumu mwenye duka la spea bure kabisa, nikarudi kumuomba msamaha na akaniuzia nyingine.

Kuna pia wale wa "weka foo wili, magurudumu yote manne yavute, muda wote ikae imara." Kwa matope sawa. Kwa lami hapana. Series haina difu ya katikati, so ukibonyeza kile kifundo cha njano ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka pamoja, na ukikata kona magurudumu ya mbele yanataka kwenda njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa matope yanateleza kidogo mambo yanaisha, kwa lami hayana pa kuteleza, kila kitu kinajikunja hapo katikati mpaka kitu kivunjike.

Rangi sasa. Wote walitaka nianze na rangi. "Ipige rangi kwanza upate moyo wa kuendelea," jirani aliniambia, na ninamuelewa, lakini rangi ndio ya mwisho. Tena usikubali bodi ya alumini ipigwe mchanga wa presha, inajikunja kama karatasi, tumia dawa ya kutoa rangi na msasa na uvumilivu, kisha praima maalum ya alumini ile inang'ata, kwa sababu ya kawaida itabanduka kama ganda la viazi. Na kwa vile tuko Nakuru, upepo wa mchana unabeba vumbi yote ya Menengai unakuja kuilaza kwa rangi mbichi. Sisi tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumemwagia sakafu maji, tumefunga kuku. Kufika saa nne tulikuwa tumemaliza boneti na milango miwili. Mlango wa kushoto ukaingiliwa na nzi, ako hapo mpaka leo, ndani ya rangi ya kijani, miguu yote inaonekana.