Banda la ng'ombe halidai nyumba ya mjini

Huku Masasi bado tunaambiana kwamba asiye na nyumba mjini hawezi kukopa pesa za kujenga banda la ng'ombe wa maziwa. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, inayotolewa na halmashauri ya kijiji, na inaruhusu iwekwe rehani kwa masharti yake. Karatasi ile uliyoikunja kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro ina uzito. Si kila benki itaipokea, lakini uliza. SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, nazo huangalia akiba yako na wadhamini. Inaniuma kuona ng'ombe analala kwenye tope mpaka kiwele kinavimba, na mwenyewe hajawahi kubisha hodi popote.