Je, wajua kwa nini handaki la upepo, yaani bomba kubwa la kujaribia modeli za ndege kwa upepo, hukatwa mianya ukutani?

Ukiwa ufuoni Dunga, Kisumu, siku isiyo na mawingu, unaweza kuona ndege kubwa ikikata juu ya Ziwa Victoria. Huko juu huenda takriban kilomita 900 kwa saa. Sauti nayo, kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sufuri, husafiri karibu kilomita 1,080 tu. Kwenye joto letu la nyuzi 30 ingefika kama 1,250. Ndege hiyo basi inaikaribia sana kasi ya sauti, na hewa inayopita mgongoni mwa bawa lake huwa tayari imeivuka.

Kupima hali hiyo kuliwatesa wahandisi miaka mingi. Handaki la upepo la zamani lilikuwa na kuta nzima. Modeli ikiwekwa katikati, njia hupungua na hewa hukaza mwendo ili ipenye, mpaka pale pembamba zaidi ikafikia kasi ya sauti. Hapo inakwama. Mabadiliko ya shinikizo husafiri hewani kwa kasi hiyohiyo ya sauti, kwa hiyo hata feni iliyo nyuma ivute kwa nguvu namna gani, mvuto wake hauwezi kupanda kuifikia hewa iliyo mbele ya modeli. Ndiyo maana Bell X-1, ndege ya roketi ya Marekani, iliipita sauti angani Oktoba 1947, kabla ya mahandaki makubwa kuweza kuipima vizuri kasi hiyo.

Ray Wright, wa maabara ya utafiti wa ndege ya Langley huko Virginia, Marekani, alipiga hesabu za kukata mianya mirefu kwenye kuta, hewa iliyobanwa ipate pa kutokea. Mwaka 1950 mahandaki mawili ya Langley yalikuwa yakifanya kazi hivyo. Moja, lenye upana wa karibu mita 5, lilipima nozeli za injini za jeti, yaani midomo ya nyuma inayotoa hewa ya moto, hadi lilipofungwa 2004.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba modeli za kupimia nozeli kwa kawaida hazichomi mafuta. Hewa iliyoshindiliwa hupitishwa ndani ya mguu unaoishikilia modeli, ikafyatuka kwenye nozeli huku upepo wa handaki ukipita nje. Lazima vyote viwili viwepo. Hewa ya nje ikishindwa kuufuata mkunjo wa mkia, shinikizo la pale hushuka na ndege huvutwa nyuma. Na mkondo unaotoka kwenye nozeli unaweza kulizidisha hilo au kulipunguza. Mizani iliyofichwa ndani ya modeli husoma nguvu hizo, na wahandisi hutenganisha msukumo wa nozeli na ukinzani wa mkia. Nozeli iliyosukuma vizuri ikijaribiwa peke yake yaweza kupoteza faida yake yote ikiunganishwa na mkia wa ndege.